Matunzo ya mtoto si hisani ya baba

Kwenye mabenchi ya mahakama za kadhi za pwani yetu, wanawake ndio wengi, na hilo halikuanza jana. Susan Hirsch, msomi wa Marekani aliyefuatilia mashauri ya Mombasa na Malindi, na mwenzake Erin Stiles aliyefanya kazi kama hiyo Unguja, walikuta jambo lile lile kila mmoja kwa wakati wake: wanaofungua kesi ni wanawake kuliko wanaume. Haishangazi. Mume anayetaka kuacha hutamka, au huandika karatasi, na yake yamekwisha. Mke ndiye anayebaki na shida ya kumpeleka kwa kadhi, na mara nyingi shida yenyewe ni matumizi.

Kwenye vitabu hakuna ubishi. Kurani, katika aya ya 233 ya Suratul Baqara, imemtwika baba chakula na mavazi ya mama anayemnyonyeshea mwanawe. Surat Talaq inamtaka mwenye wasaa atoe kwa wasaa wake, na mwenye dhiki atoe katika kile alichojaaliwa. Kwa upande wa serikali, kifungu cha 129 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania Bara ya 1971 kinamwajibisha baba kwa malazi, mavazi, chakula na elimu ya mtoto wake, hata kama mtoto anakaa kwa mtu mwingine. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 53, inawabebesha wazazi wote wawili wajibu sawa, wawe wameoana au la. Zanzibar nayo ina Sheria ya Mtoto ya 2011.

Basi kwa nini mtoto analala na chai kavu?

Sababu moja ni kwamba wanaume wengi huchanganya haki ya mke na haki ya mtoto. Eda ikiisha, hujiona wamemaliza deni lote, kama kwamba mtoto naye alikuwa anakaa eda. Mwingine anaoa tena na kutoa jibu ambalo kila sheha amelisikia: "Nina familia nyingine sasa." Lakini jibu kali kuliko yote ni hili: "Kama umeshindwa, mlete mwanangu." Maneno hayo huwafunga mdomo wanawake wengi. Katika fikihi ya Kishafii inayofuatwa pwani, mama ana haki ya kukaa na mtoto mdogo hadi afikie umri wa kupambanua mambo, kama miaka saba, kisha mtoto huchagua. Mama akiolewa na mume mwingine, haki hiyo huweza kumtoka. Kwa hiyo anayedai matunzo huhofia kunyang'anywa mtoto, na anayetaka kuolewa ili apate wa kumsaidia huhofia hivyo hivyo. Bora akae kimya, afunge mwani.

Huo mwani wenyewe si wa kulea watoto watatu. Kule Paje na Jambiani, Unguja, ambako ulianza kulimwa kibiashara mwaka 1989, mwanamke aliyerudi kwao hushuka baharini maji ya bamvua yakitoka, hufunga vipando kimoja kimoja kwenye kamba, husubiri wiki kama sita, huvuna na kuanika. Rundo la mbichi linalomvunja mgongo, likikauka hubaki kilo chache. Kilo moja ya mwani wa kawaida hainunui kilo moja ya mchele. Ada ya shule imefutwa, ndiyo, lakini hakuna aliyefuta bei ya sare, viatu, madaftari, ada ya chuo cha Kurani na futari ya Ramadhani.

Hadithi ya Hind bint Utba inajulikana misikitini. Alimshtakia Mtume kwamba mumewe, Abu Sufyan, ni bahili, na akaruhusiwa kuchukua katika mali yake kiasi cha kumtosha yeye na wanawe kwa wema, hata bila mwenyewe kujua. Mali ya mume wa leo iko ndani ya simu yenye namba ya siri. Aliyeachwa hana pa kuingiza mkono isipokuwa mahakamani.

Na mahakamani ndipo penye kasoro kubwa. Kupata amri ya matunzo ni kazi, lakini kukazia hukumu ni kazi zaidi. Mtumishi wa serikali anaweza kukatwa mshahara. Dereva wa bodaboda, fundi wa mtaani au mvuvi hana mshahara wa kukatwa. Anapata leo, kesho hana, halafu anaamriwa alipe kwa mwezi. Mahakama zingepanga kiwango kwa siku au kwa wiki, kipitie kwenye simu, ili risiti zenyewe ziwe ushahidi wa nani ametoa na nani ameruka. Tena baba akiwa hana kweli, Mashafii wanamgeukia babu mzaa baba. Mitaani mzigo unamwangukia bibi mzaa mama, na hakuna anayemuuliza kama anaweza.

Wapo wanaopendekeza zaka. La. Mtoto mwenye baba anayejiweza hana sababu ya kulishwa kwa zaka; ana mdeni, na mdeni adaiwe. Misri waliliona hili. Sheria namba 11 ya 2004 iliunda Mfuko wa Bima ya Familia chini ya Benki ya Kijamii ya Nasser: mama mwenye hukumu analipwa na mfuko, kisha benki ndiyo inayomfuata baba. Sehemu ya fedha hutokana na ada za kuandikisha ndoa, talaka na vizazi. Morocco nao wana mfuko wao wa kusaidiana kifamilia. Na hizi ni nchi za Kiislamu.

Zanzibar ina Kadhi Mkuu, ina Mufti, ina Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na ndoa na talaka zinaandikishwa kwa ada. Baraza la Wawakilishi lina kila kitu cha kuanzia isipokuwa mswada wa mfuko kama huo. Na wakati mswada unasubiriwa, aliyeachwa asichelewe kwenda kwa kadhi. Kwa Mashafii, matumizi ya mke yaliyopita hubaki kuwa deni, lakini ya mtoto yakishapita bila amri ya kadhi huwa shida kuyadai. Mwezi wa kunyamaza ni mwezi uliopotea.