Mpagazi wako yuko wapi, binamu?

Wiki hii sisemi nani kaonekana na nani, wala wapi kuna muziki mzuri. Nimerudi juzi kutoka Magamba, kule juu ya Lushoto, ambako baridi inakuchapa mpaka unavaa soksi mbili na meno bado yanagongana. Nilikwenda kupigana vita. Usicheke kwanza, nisikilize.

Nina binamu yangu pale, mtoto wa shangazi. Mchana anapaka rangi nyumba za watu. Usiku anapaka rangi askari wa udongo, wafupi kama kidole gumba. Anao zaidi ya 100, kawapanga kwenye rafu kama vikombe vya bibi harusi. Kwa miaka mitatu nilikuwa sijakanyaga kwake, na sababu naijua mimi. Nina deni lake. Tutafika huko.

Shangazi ndiye aliyenipigia simu. "Mwanangu, binamu yako anatafuta mtu wa kucheza naye. Huku wote wanamwona kachanganyikiwa. Njoo." Shangazi akisema njoo, utabisha? Nikapanda basi, Segera, Mombo, halafu ile barabara ya kona kona mpaka roho inaomba msamaha. Njia nzima nawaza nitamwambia nini mtu huyu.

Kufika, wala hakunikumbusha kitu. Kanipa chai, kanipa brashi. "Kaa hapo, paka."

Sasa kwa wale mliozoea bao na drafti, niwape picha. Meza kubwa inatandikwa blanketi la kijani. Chini ya blanketi unaweka vitabu, tayari una milima. Njiti za kiberiti ni reli. Kila mchezaji ana jeshi lake. Unasogeza askari kwa kupima na tepu ya fundi cherehani, inchi 6 kila zamu, na ukitaka kupiga risasi unarusha dadu. Ukipata 5 au 6, mtu wa mwenzio analala chini. Wazungu wanaupenda mno. Yule mwandishi H.G. Wells aliuandikia kitabu cha sheria mwaka 1913, na Warhammer, mchezo wa namna hiyo wenye mazimwi na mashujaa, ulitoka Uingereza mwaka 1983 na umetajirisha watu.

Wala usidhani kufinyanga watu wadogo ni kuiga. Mwaka 1956 Hans Cory alitoa kitabu kizima kuhusu sanamu ndogo za udongo zilizotumika kuwafundishia vijana jandoni na unyagoni Tanganyika, Wasambaa wakiwemo. Binamu anasema yeye kaongeza dadu tu.

Kupaka kwenyewe ni shughuli. Askari anakaushwa, anasimamishwa juu ya kizibo cha soda asianguke. Kwanza anapakwa nyeusi mwili mzima. Ikikauka, inakuja rangi ya nguo, lakini kwa brashi iliyofutwa karibu yote, iguse sehemu zilizoinuka tu, mikunjo ibaki na giza. Mwisho uso. Hapo ndipo nilipoumbuka. Mimi nilitaka kumaliza, nikawa nagonga doa moja kwa kila kichwa, twende kazi. Binamu akanirudishia wote. "Hawa hawana macho. Mtu asiye na macho utamtuma akafe bila kujali."

Jumamosi tukacheza vita ya Tanga ya mwaka 1914. Wengi mnaijua kwa jina la vita ya nyuki. Waingereza walishusha jeshi kutoka India, watu kama 8,000, chini ya Jenerali Aitken. Wajerumani wa Lettow-Vorbeck walikuwa kama 1,000 tu, wengi wao askari Waafrika, na sehemu kubwa walikimbizwa Tanga kwa treni kutoka upande wa Moshi, wakipita hapo hapo Mombo chini ya milima hii. Vita kubwa ilikuwa Novemba 4. Nyuki nao wakatoka mizingani wakauma watu bila kuuliza bendera. Kesho yake Waingereza wakarudi melini, wakaacha bunduki na risasi tele ufukweni. Mimi nilikuwa Aitken. Kwa sheria za binamu, ukiingia shambani ukapata 1 kwenye dadu, nyuki wanatoka. Nilipata 1 mara tatu. Shangazi alicheka mpaka akaweka chini bakuli la makande.

Jumapili nikasema leo nalipa kisasi. Tukahamia mwaka 1916. Juni ya mwaka ule Waingereza waliiteka Wilhelmstal, ndiyo Lushoto yetu hii kwa jina la Wajerumani, halafu wakashuka kumfukuza Lettow mpaka Handeni na kuendelea kusini. Binamu akanipa pointi 60 ninunue jeshi. Askari pointi 2, bunduki ya mtombo pointi 10, mpagazi pointi 1. Mimi mtoto wa mjini, nipoteze pointi kwa wapagazi? Nikajaza askari na bunduki mbili za mtombo. Jeshi likapendeza, ungeniona ungenipigia saluti.

Binamu akaweka askari 15 tu. Nyuma yao akapanga wapagazi 30, kila mmoja na mzigo kichwani, kila mmoja na uso wake. Mwingine ana kipara, mwingine shati la buluu lenye kiraka.

Tukaanza. Zamu ya kwanza nikamkimbiza. Ya pili nikamkimbiza. Ya tatu nanyoosha mkono nisogeze, akanishika kifundo. "Mpagazi wako yuko wapi, binamu?"

"Sina."

"Basi hamtembei. Chakula kiko Mombo, risasi ziko Mombo. Nani kakubebea?"

Jeshi langu zuri likasimama katikati ya blanketi kama gari lililoishiwa mafuta. Yeye taratibu akazunguka, akalimaliza.

Wewe wa Dar unapita Kariakoo kila siku kununua viatu. Jina lile limetokana na wale wapagazi, kikosi cha wabebaji wa Waingereza kilichopiga kambi pale. Makumi ya maelfu ya wabebaji walikufa katika vita ile, wengi kwa magonjwa na njaa, sio kwa risasi. Nenda Mtaa wa Samora ukaitazame sanamu ya Askari iliyowekwa mwaka 1927. Maandishi yake yanawataja wapagazi, lakini aliyesimama pale juu ni mwenye bunduki peke yake.

Lakini jamani, usiku ule mimi sikuwa nawaza Kariakoo. Lile swali lilikuwa limenikaa kooni. Nilipofika Dar mara ya kwanza sina mbele wala nyuma, nani alinibeba? Kodi ya chumba cha Manzese miezi sita, shilingi 180,000, ilitoka kwenye rangi za kuta za Magamba. Nikapata kazi, nikapata jina gazetini, nikabadili laini ya simu. Kwenye hesabu zangu binamu hakuwa na macho.

Nikasema, "Binamu, ile hela."

Yeye anaosha brashi, hata hakugeuka. "Hela gani?"

"Unaijua."

Kimya. Jiko la mkaa linalia tu. Halafu akasema, "Hela inauma, sikufichi. Lakini iliyoniuma zaidi ni ile laini. Napiga, mama ananiambia labda mwanangu kafa."

Sikuwa na jibu, wasomaji, na kazi yangu ni maneno. Nikavuta simu, nikamtumia 100,000 pale pale, iliyobaki nikaahidi mwisho wa mwezi. Akaisoma meseji, akaguna, akasema namba yangu mpya sasa anayo na nisithubutu tena. Kisha akapanga meza upya. Safari hii nilinunua wapagazi 20 kwanza. Nilishindwa vile vile, lakini nilifika Handeni.

Wakati wa kuondoka kanipa yule mwenye shati la buluu. Nimemweka juu ya televisheni. Wageni wananiuliza huyu nani, kwa nini hana bunduki.

Nawe msomaji, kabla hujageuza ukurasa: yupo mtu unayemkwepa simu yake? Mpigie leo, hata kama mfukoni huna kitu. Tukutane wiki ijayo.