Kaunti Iupime Mto Huko Shauri Moyo, Iseme Imepata Nini

Kuusafisha Mto Nairobi kumekuwa kazi ya msimu. Mafuriko yakitisha, au mgeni mkubwa akitarajiwa, vijana wa Shauri Moyo huitwa wakapewa glavu, buti na reki. Taka huopolewa na kupakiwa kwenye lori, na baada ya muda si mrefu ukingo hurudia hali yake. Vijana hao hatuwalaumu hata kidogo. Wamefanya kazi chafu kwa ujira mdogo na wanastahili shukrani za jiji zima. Tunayemuuliza ni Serikali ya Kaunti ya Nairobi: kati ya usafishaji mmoja na mwingine, nani anautazama mto?

Katiba ya 2010 haikuacha shaka. Jedwali la Nne linazipa kaunti jukumu la kuzoa taka, kusimamia majaa, kudhibiti uchafuzi wa hewa na kelele, na kutoa huduma za maji na majitaka. Sheria ya mazingira ya 1999 iliporekebishwa mwaka 2015, kamati za mikoa na wilaya ziliondolewa, zikaja Kamati za Mazingira za Kaunti. Kamati hiyo huteuliwa na gavana, huwa na viti vya wafanyabiashara na mashirika ya kijamii, na hutakiwa kuandaa mpango wa mazingira wa kaunti kila miaka 5. NEMA, mamlaka ya mazingira, bado ndiyo msimamizi wa kitaifa, lakini sheria imekisogeza chombo hadi karibu na mlango wa mkazi. Muuza nyama wa soko la Burma anafaa kumjua anayemwakilisha katika kamati hiyo kama anavyomjua diwani wake.

Shauri Moyo ina sababu ya pekee ya kudai hivyo. Mtaa huu ulijengwa mwishoni mwa miaka ya 1930, na miongoni mwa wapangaji wake wa kwanza ni watu waliohamishwa kijiji cha Pangani kilipobomolewa. Tangu hapo mwenye nyumba ni serikali ya jiji yenyewe, ambayo sasa ni kaunti. Kwa hiyo bomba la majitaka likipasuka katikati ya nyumba hizo za zamani, msimamizi wa mazingira na anayepokea kodi ni yule yule, wala hana wa kumsukumia lawama.

Jirani zake nao hawalali. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji wanafua masanduku, sufuria na wilbaro. Gikomba kuna mitumba na mbao. Burma, kando ya Barabara ya Jogoo, kuna nyama. Hiyo yote ni riziki ya maelfu ya familia, na hatutaki kibanda kimoja kifungwe kwa kisingizio cha mazingira. Lakini kila kazi ina uchafu wake: rangi na mafuta, mabaki ya vitambaa, maranda, damu na maji ya kuoshea matumbo. Juu ya hayo kuna vyoo ambavyo mabomba yake yanaishia mtoni.

Ndiyo maana ukaguzi wa macho hautoshi. Maji meusi ni meusi tu. Hayasemi ni nani aliyeyatia weusi. Chota maji kabla mto haujaingia Gikomba, kisha siku hiyo hiyo uchote tena ukishaipita Shauri Moyo. Tofauti kati ya chupa hizo mbili ndiyo uchafu ulioingilia hapa. Maabara huangalia vijidudu vinavyokula uchafu huo vimetumia oksijeni kiasi gani kwa siku 5. Kanuni za ubora wa maji za 2006 ziliweka kikomo cha miligramu 30 za oksijeni hiyo kwa lita kwa maji machafu yanayomwagwa kwenye mazingira. Ukiongeza vituo viwili vitatu katikati, utajua kama tatizo ni bomba la mtaa, karakana au soko. Kinachohitajika ni mtu aliyefunzwa, chupa safi, sanduku la barafu na ratiba isiyovunjwa. UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, liko hapa hapa, Gigiri, tangu miaka ya 1970. Wataalamu wa kushirikiana nao hawako mbali.

Pasipo vipimo, adhabu humwangukia anayeonekana. Mafuriko ya 2024 yaliua zaidi ya watu 200 nchini, na serikali ikaamuru watu wahame mita 30 kutoka kingo za mito. Tingatinga zikapita Mathare na Mukuru. Kulinda ukingo ni sahihi, na hatutaki mtu yeyote alale mahali mafuriko yatakapomkuta. Ila mwenye kibanda cha mabati huonekana mchana kweupe. Aliyeunganisha choo cha ghorofa yake na mtaro wa mvua atajulikana tu pale maji yatakapopimwa.

Amri na miradi hazijatukosa. Marehemu John Michuki, akiwa waziri wa mazingira kuanzia 2008, alithibitisha kwamba mto huu unasafishika, na karibu na Globe ipo bustani yenye jina lake. Ukishuka kutoka hapo, uchafu ulibaki. Amri nayo haikutosha: jaa la Dandora lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001. Julai 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru lifungwe katika miezi 6, na malori yakaendelea kumwaga taka pale. Machi 2025 serikali ya kitaifa ilizindua mradi mwingine wa kuurejesha mto, wa takriban kilomita 27, pamoja na mabomba mapya ya majitaka kandokando. Mradi huu tunauunga mkono kwa moyo wote. Lakini maji yasipopimwa kabla ya mabomba na baada ya mabomba, mlipa ushuru ataonyeshwa picha za mitaro iliyochimbwa bila kujua kama mto umepona.

Kaunti ianzie Shauri Moyo. Ichote maji kila mwezi, na matokeo yabandikwe penye lango la soko la Burma na kwa chifu, kwa Kiswahili cha kueleweka. Ubao huo huo useme ni nani aliyepewa zabuni ya kuzoa taka mtaani, huzoa siku gani, na malalamiko mangapi yamepokelewa na kujibiwa. Vijana wanaoitwa wakati wa usafishaji wafunzwe kuchota sampuli na walipwe kwa kazi hiyo. Wao ndio wanaojua mto hubadilika rangi saa ngapi za usiku.

Fedha za kazi hii zisiombwe kwa wafadhili. Makadirio ya matumizi hutakiwa kufika katika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Tunataka humo kuwe na fungu la upimaji wa mto, likiwa na jina lake na kiasi chake, na diwani asimame aseme kama ameliunga mkono au amelikataa.