Kusu Akitokwa na Damu

Katika nyumba nyingi za Kisangani na za miji mingine ya mtoni, kusu mwenye mkia mwekundu, ambaye wengine humwita kasuku, amekuwa kama mmoja wa jamaa. Huwaita watoto kwa majina yao na kumwiga mama akikohoa. Basi siku moja matone ya damu yaonekana sakafuni mwa kizimba, nao watoto walia. Hapo kila mtu ana shauri lake: huyu aleta mafuta ya mawese, yule aleta koleo, wa tatu ammwagia ndege maji. Katika dakika hizo haraka ya watu yaweza kudhuru kuliko jeraha lenyewe.

Kwanza tupime. Kusu mzima ana uzito wa gramu 400 hadi 500 hivi, na damu yake yote ni karibu sehemu moja ya kumi ya uzito huo, yaani vijiko vya chai vinane au kumi. Akiwa na afya njema, huweza kustahimili kupotewa na kijiko kimoja. Kwa hiyo matone matatu au manne si jambo la kupigia yowe. Lakini chiriku wa gramu 20 ana damu isiyojaza hata nusu ya kijiko, na kwake matone manne yale yale ni hatari.

Mara nyingi damu yatoka katika ukucha uliokatwa mno au ulionaswa katika nguo. Mara nyingine yatoka katika unyoya mchanga. Unyoya unaoota huwa na damu ndani ya mrija wake, na shina lake huonekana jeusi. Ukikomaa, damu hukauka. Nao kusu wengi walinaswa msituni kwa ulimbo, kisha mabawa yao yakakatwa ili wasiruke. Manyoya mapya yachomozapo hayana jirani warefu wa kuyakinga, basi hugonga vyuma vya kizimba na kuvunjika. Mwenye kukata mabawa alidhani anamlinda ndege wake, kumbe ameyaacha manyoya mapya bila kinga.

Tufanyeje? Mtu mmoja amfunike ndege kwa taulo na kumshika kichwa kwa nyuma, penye mataya, asije akauma. Kifua kisibanwe hata kidogo. Ndege hapumui kama sisi: lazima kifua chake kiinuke na kushuka, na mkono wa mtu mwenye hofu waweza kumziba pumzi bila kujua. Mtu wa pili achukue unga laini wa muhogo au wa mahindi, aupake penye ukucha au unyoya unaotoka damu, akandamize kwa kidole au kwa kitambaa safi dakika mbili nzima kwa saa. Asifunue kila mara kuchungulia, maana kufunua hubandua damu iliyokwisha kuganda. Jeraha la ngozi lisitiwe unga. Kitambaa safi kinachokandamizwa chatosha. Shabu ya vinyozi nayo ni ya ukucha tu, kwa maana huchoma nyama.

Zamani wafugaji wengi walifundishwa kuung'oa mara moja unyoya uliovunjika. Siku hizi waganga wa wanyama hawapendi haraka hiyo. Kung'oa kwauma sana, kwaweza kuharibu shina la unyoya, na mkono usio na ujuzi waweza hata kuvunja mfupa wa bawa. Aliye mbali na mganga naye asikimbilie koleo, aendelee kukandamiza. Mafuta ya mawese tuyaache jikoni: hushikanisha manyoya, na ndege hukosa joto lake.

Damu ikikoma, kizimba kiwekwe mahali pa joto, penye kimya na giza kidogo, na fito zishushwe chini. Ndege asiogeshwe siku hiyo. Twapenda pia karatasi nyeupe itandikwe chini ya kizimba, kwa kuwa juu yake hata tone moja jipya laonekana. Ikiwa damu haikomi baada ya kukandamiza mara mbili tatu, au yatoka mdomoni, puani au pamoja na mavi, hilo si jeraha dogo tena. Hali kadhalika ndege akikaa sakafuni amejivimbisha manyoya, huku mkia wapanda na kushuka kila apumuapo: apelekwe kwa mganga bila kungoja kesho.

Na kama aliyemjeruhi ni paka, apelekwe siku ile ile, ingawa tundu la jino ni dogo kama la sindano na damu imekwisha kukauka. Kinywa cha paka kina vijidudu viwezavyo kumwua ndege kwa muda mfupi, na dawa ya kuviua hutolewa na mganga.