Ada Tunaandikiwa, Usalama Tunafichwa



Wapendwa waamini, Mwinjili Luka ametuachia habari moja tu ya Bwana wetu kati ya uchanga wake na utu uzima wake, nayo ni habari ya mtoto aliyetafutwa na wazazi wake. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Wazazi walikwenda mwendo wa siku nzima wakidhani yumo katika msafara, wakarudi Yerusalemu, na siku ya tatu wakamkuta hekaluni ameketi kati ya walimu. Mahubiri mengi hulikimbilia jibu la Mtoto. Wiki hii tunaomba tukae kidogo na swali la Mama. Maria hakuona haya mbele ya mabingwa wale wa Sheria. Aliuliza waziwazi, na wala hakuuficha uchungu waliokuwa nao yeye na Yosefu walipokuwa wakimtafuta. Mzazi anayeuliza habari za mtoto wake mbele ya walimu hana utovu wa adabu. Anafuata mfano mtakatifu.

Tunayasema haya kwa sababu ya wanafunzi wa umri huohuo: wale wa darasa la tano, la sita na la saba, na wale wa vidato vya mwanzo, ambao si watoto wadogo tena na wala hawajawa vijana kamili. Majirani zetu wa Kenya tangu mwaka 2023 wamewatengea ngazi yao yenyewe, kuanzia gredi ya saba hadi ya tisa. Kwetu Tanzania, mwaka huohuo wa 2023, Serikali ilielekeza kwamba huduma ya bweni isitolewe kwa watoto wa awali hadi darasa la nne. Uamuzi huo ulikuwa mwema. Lakini maana yake ni kwamba bweni limebaki kuwa la hawa wa katikati, na ni wao tunaowapeleka wakiwa na sanduku, godoro na ndoo, kisha tunarudi nyumbani na kusubiri habari.

Basi ni habari gani tunazoletewa? Wazazi wengi wametuonyesha barua na ujumbe wa simu wanaotumiwa na shule za watoto wao, nasi tumezisoma kwa makini. Tumeona tarehe ya mwisho ya kulipa ada. Tumeona mchango wa mahafali, mchango wa masomo ya ziada, rangi ya soksi, idadi ya karatasi na ufagio. Tumeona matokeo ya mtihani wa majaribio na nafasi ya kila mtoto darasani. Hatukuona hata mara moja neno lolote kuhusu idadi ya watoto wanaolala katika bweni, idadi ya milango ya bweni hilo, jina la mtu anayekesha usiku, siku ambayo basi la shule lilikaguliwa, au mtu ambaye mtoto aliyeguswa vibaya anaweza kumwendea bila hofu. Shule inayojua namba ya simu ya kila mzazi ikidai ada haiwezi kusema kwamba haina njia ya kumweleza mzazi huyohuyo habari za usalama wa mwanawe.

Wapo watakaotuambia kwamba tunatia chumvi. Tuwasomee basi kumbukumbu za nchi zetu.

Mwaka 1994, katika Sekondari ya Shauritanga wilayani Rombo, moto wa usiku uliwaua wasichana 42. Mwaka 2009, katika Sekondari ya Idodi mkoani Iringa, wasichana 12 walikufa kwa moto wa bweni. Mwezi Septemba 2020, katika shule ya msingi ya Byamungu wilayani Kyerwa, mkoani Kagera, watoto wasiopungua 10 waliteketea wakiwa wamelala. Kenya, mwezi Machi 1998, wasichana zaidi ya 20 walikufa katika Sekondari ya Bombolulu huko Kwale. Miaka mitatu baadaye, tarehe 26 Machi 2001, wavulana 67 walikufa Kyanguli, Machakos. Bweni la Kyanguli lilikuwa na milango miwili, mmoja umefungwa kwa kufuli, na madirisha yalikuwa na nondo. Moto uliwashwa kwa petroli na mikono ya watu, lakini waliokufa walizuiwa kutoka na kufuli na nondo. Kufuli lile hakulifunga mhalifu. Lilifungwa kwa jina la nidhamu.

Wala hatari haiko bwenini tu. Tarehe 6 Mei 2017, basi la shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia korongoni huko Rhotia, Karatu. Walikufa wanafunzi 32 wa darasa la saba, walimu wawili na dereva. Watoto wale walikuwa wakienda kufanya mtihani wa kujipima na wenzao wa shule nyingine. Taifa zima lililia. Tuwaulize wazazi walio na watoto katika shule zenye mabasi: tangu mwaka ule, ni wangapi wamewahi kuelezwa kwa maandishi basi linabeba watoto wangapi na lina viti vingapi?

Sheria hazikukosekana. Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ya Kenya ilitoa mwongozo wa usalama wa shule unaotaka mlango wa bweni uwe na upana usiopungua futi tano na ufungukie nje, madirisha yasiwe na nondo, nafasi kati ya kitanda na kitanda isipungue mita 1.2, na mlango usifungwe kwa nje watoto wakiwamo ndani. Huo ni mwongozo mzuri, na uliandikwa baada ya machozi ya Bombolulu na Kyanguli. Hata hivyo, usiku wa tarehe 5 Septemba 2024, katika shule ya Hillside Endarasha huko Nyeri, moto ulilikumba bweni lililokuwa na wavulana zaidi ya 150, na 21 kati yao wakafa. Mwongozo ulikuwa na umri wa miaka 16.

Katika msiba ule wa Endarasha kuna jambo moja tunaloomba kila mzazi alishike. Siku iliyofuata, viongozi wa Serikali walitangaza kwamba watoto 70 hawajulikani walipo. Baadaye ilionekana kwamba wengi wao walikuwa hai: wengine wamechukuliwa na wazazi wao, wengine wamehifadhiwa na majirani wa shule. Tumshukuru Mungu kwa hao. Lakini fikirini hali ya mama aliyesimama langoni siku ile, akisubiri kuambiwa kama mwanawe yu hai. Orodha sahihi ya majina, inayoitwa kila jioni na kuwekwa mahali ambapo moto hauifikii, haina gharama. Ni daftari na kalamu. Shule inayoweza kumwambia mzazi kwamba mwanawe amekuwa wa 37 kati ya 90 katika hisabati inashindwaje kumwambia kama mwanawe yupo?

Tunazijua hoja zinazotolewa dhidi ya maneno haya, nasi tuzijibu moja baada ya nyingine.

Hoja ya kwanza: habari za hatari zitawatia wazazi hofu. Tunajibu kwamba hofu iliyo na habari humfanya mtu achukue hatua, na hofu isiyo na habari humwachia uvumi. Mzazi aliyeambiwa kwamba bweni lina mlango mmoja atadai wa pili. Mzazi aliyefichwa atajua siku ya mazishi.

Hoja ya pili: jina la shule litaharibika. Tunauliza, ni jina lipi linalohitaji kulindwa kwa kuwaficha wazazi? Jina jema la shule ni watoto waliorudi nyumbani salama. Na neno hili tunalisema kwa uzito zaidi kwa shule zilizo chini ya mwavuli wa Kanisa. Tumejifunza kwa aibu kubwa, duniani kote, kilichotokea pale ambapo jina la taasisi liliwekwa mbele ya mtoto aliyedhulumiwa. Ndiyo maana Baba Mtakatifu Fransisko, kwa hati yake ya *Vos estis lux mundi* ya mwaka 2019, iliyothibitishwa upya mwaka 2023, aliwafunga mapadre na watawa kwa wajibu wa kutoa taarifa ya unyanyasaji wa watoto. Hakuna padre, sista wala mkuu wa shule anayeweza kuyamaliza mambo ya namna hiyo ofisini kwake, kwa soda na msamaha, kisha akadai kuwa analilinda Kanisa.

Hoja ya tatu: mlango usipofungwa kwa nje, watoto watatoroka. Ni kweli kwamba baadhi yao hutoroka. Kwa hiyo awekwe mtu mzima wa kukesha, alipwe mshahara wa haki, na mlango uwe wa kufungukia nje. Mtoto aliyetoroka anaweza kurudishwa kesho yake. Walinzi ni gharama, tunakiri; lakini shule isiyoweza kumlipa mlinzi wa usiku haina uwezo wa kuwa na bweni, na iseme hivyo.

Hoja ya nne ndiyo inayotuchoma kuliko zote, kwa kuwa inatumia jina la Mungu: kwamba ajali ni mapenzi yake. Ndugu zetu, tusimsingizie Mungu. Mapenzi yake yametamkwa na Bwana wetu katika sura ya kumi na nane ya Mathayo, anaposema kwamba Baba wa mbinguni hataki hata mmoja wa wadogo hawa apotee. Kufuli, nondo, tairi lililokwisha na bweni la watoto 80 lililojengwa kwa ajili ya 40 ni mapenzi ya wanadamu, na wanadamu watayajibu.

Kanisa linamtambua mzazi kuwa mlezi wa kwanza wa mtoto. Ndivyo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulivyofundisha katika tamko lake juu ya malezi la mwaka 1965. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 796, inawataka walimu washirikiane kwa karibu na wazazi, wawasikilize kwa moyo radhi, na iwepo mikutano ya wazazi inayoheshimiwa. Kikao ambacho mkuu wa shule huongea saa tatu juu ya michango na kuwapa wazazi dakika kumi za maswali hakitimizi kanuni hiyo. Kwa upande wa nchi, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii aliye na habari za haki ya mtoto kuvunjwa atoe taarifa kwa mamlaka. Kwa hiyo mwalimu anayenyamaza haonyeshi busara. Anakiuka wajibu.

Tuwakumbuke pia mashahidi wetu wa Uganda. Karoli Lwanga alikuwa mkuu wa vijana wahudumu katika ikulu ya Kabaka Mwanga, na kati ya waliokuwa chini yake alikuwamo Kizito, mtoto wa miaka kama 14. Lwanga aliwakinga wadogo wale na tamaa za mfalme, akijua atakachopata. Mwaka 1886 wote wawili walichomwa moto Namugongo. Kanisa limemfanya Kizito kuwa msimamizi wa watoto, nasi tumeziita shule nyingi kwa jina lake. Lakini Kizito hakuwa peke yake. Alikuwa na mlezi aliyesimama kati yake na hatari. Kuandika jina la mtakatifu getini bila kuweka mlezi wa namna ya Lwanga ndani ya bweni ni kumtumia mtakatifu kama kibao cha matangazo.

Sasa neno kwenu wazazi, kwa sababu lawama haiwezi kubaki shuleni pekee. Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha mwaka 2023 kutangaza shule kumi bora, lakini wengi wetu bado tunazitafuta kwa udi na uvumba. Tunauliza ufaulu, tunauliza Kiingereza, tunauliza ada. Bweni tunalitazama siku ya kuripoti tu, tena kwa haraka, gari linasubiri. Shule hutangaza kile ambacho mnunuzi anakiulizia. Tukianza kuulizia usalama, nao utaanza kutangazwa.

Kwa hiyo tunawasihi mwende katika kikao kijacho cha wazazi mkiwa na maswali haya, nanyi msiondoke kabla ya kujibiwa, ikiwezekana kwa maandishi. Bweni lina vitanda vingapi na watoto wangapi? Lina milango mingapi, inafungukia upande gani, na ufunguo anao nani usiku? Mitungi ya kuzimia moto iko wapi, na nani amefundishwa kuitumia? Watoto walifanya lini zoezi la kutoka bwenini usiku? Majina huitwa saa ngapi, na orodha huwekwa wapi? Basi lilikaguliwa lini? Mtoto akidhulumiwa na mtu mzima au na mwenzake, amwendee nani, na mzazi ataarifiwa ndani ya muda gani? Jumuiya ndogondogo ziwasaidie wazazi wasiojua kuandika. Na kila mtoto wa parokia hii azijue kwa kichwa namba mbili za simu: 116 ya huduma kwa mtoto, na 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Walimu wengi ni watu wema, wanaolala kidogo na kulipwa kidogo, nasi tunawaombea kila siku altareni. Maswali haya hayawadhalilishi. Mwalimu mwema atayapokea kwa furaha, maana kwa miaka amekuwa akiomba mlango wa pili ujengwe, na hakuna aliyemsikiliza.

Familia Takatifu ya Nazareti iwaombee watoto wetu walio mbali na nyumbani usiku huu. Nao waliokufa Shauritanga, Idodi, Kyerwa, Kwale, Machakos, Karatu na Nyeri wapumzike kwa amani.

Wenu katika Kristo,
Paroko