Kidonge Kimekuja, Choo Hakijaja

Ukienda zahanati kueleza kwamba tumbo linakusokota kuzunguka kitovu, hujamaliza hata maneno umeshaambiwa ni minyoo, kameze dawa. Choo hakikupimwa. Mtu wa maabara hayupo, au yupo lakini umeme umekatika, au umechelewa, rudi kesho asubuhi na kikopo. Mtu aliyetoka kata ya Ulaya au Zombo, hapa kwetu Kilosa, kwa bodaboda, hiyo kesho arudi kwa nauli ipi? Basi tunapita duka la dawa, tunanunua, tunameza, tunaomba Mungu.

Hatukisemi vibaya kidonge. Albendazoli ya miligramu 400 inaangusha minyoo mviringo na safura, wazazi tumeona kwa macho yetu kilichotoka. Ila minyoo mijeledi haiitikii vizuri dozi moja, na kichocho hakiguswi kabisa na dawa hiyo, kina dawa yake, prazikwanteli. Sisi tunaolima mpunga na kuogea mifereji yenye konokono tunaumwa tumbo la kichocho, tunaenda choo chenye damu, na bado tunapewa kidonge kilekile cha minyoo. Vidonda vya tumbo, taifodi, kidole tumbo, vyote vinapita kwa jina hilo moja mpaka mtu azidiwe.

Halafu kuna hili la shule. Mwalimu anapanga watoto, anawasimamisha kwenye ubao wa kupimia urefu ili ajue awape prazikwanteli ngapi, wanameza, wanarudi darasani. Ni kazi nzuri na walimu tunawashukuru. Watoto wadogo nao wanapata yao pamoja na matone ya vitamini A, Juni na Desemba. Mjamzito anapewa kliniki. Je, baba anayevuna miwa Ruhembe? Mama anayeshinda kwenye majaruba miguu mitupu? Safura kwa kawaida haimezwi na chakula. Funza wake wanatoboa ngozi ya unyayo, wanapita kwenye damu hadi mapafuni, wanakoholewa na kumezwa, ndipo wanang'ata utumbo na kunyonya. Mkulima anapauka viganja, anahema akipanda kilima kidogo, watu wanasema mvivu, wengine wanasema ana mchango, anachemshiwa mizizi. Huyo hana foleni yake popote.

Na mtoto akishameza anarudi wapi? Anarudi kwenye udongo uleule. Mnyoo mviringo jike mmoja anaweza kutaga mayai laki mbili kwa siku, na mayai hayo hukaa ardhini kwa miaka. Shimo la choo limejaa, ukuta wake ni magunia, mvua ikija linafurika. Watu wa Kilosa mjini hatujasahau mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010: mto Mkondoa ulivunja kingo, reli ikakatika, maelfu tukalala kwenye mahema, na kila kilichokuwa mashimoni kikasambaa viwanjani na visimani. Tangu hapo kila masika tunautazama mto huo kwa wasiwasi, na vyoo vyetu vingi bado ni vya mashimo mafupi kwenye udongo unaobomoka.

Mikumi nako tuna letu. Mabasi na malori ya njia ya Iringa na Zambia yakishatoka hifadhini yanapaki, abiria wanatawanyika vichakani kuchimba dawa, dakika chache wameshaondoka. Kinachobaki ni chetu. Watoto wetu wanakatiza hapohapo kwenda shule na kandambili zilizokatika, na mboga tunazouza barabarani zinaoshwa kwa maji ya mfereji kwa sababu bomba halitoki.

Tukilalamika tunaambiwa tunawe mikono, tuvae viatu. Tunajua. Tumeimba hivyo tangu darasa la kwanza. Nawa kwa maji gani, pale ndoo moja ikiwa ya kunywa, ya kupikia na ya mtoto? Gambuti utazivaa vipi kwenye tope la mpunga linalovua kiatu kila hatua?

Mwaka ujao ubao wa kupimia urefu ukirudi shuleni, tunaomba usije peke yake. Uje na matundu ya vyoo yasiyobomoka. Zahanati ipate hadubini na mtu wa kuitumia, apime choo asubuhi hiyohiyo mgonjwa alipofika. Na yule mama wa majaruba aitwe naye, apangiwe foleni, apimwe damu na apewe dozi yake.