Undugu hauondoi mkataba: Ujira wa kibarua ni amana

  

Ndugu msomaji, ukanda wa kutoka Shinyanga na Kahama hadi Katoro na Geita ni ukanda uliojaaliwa neema. Almasi ya Mwadui iligunduliwa mwaka 1940. Mgodi mkubwa wa dhahabu wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu ukafuata mwaka 2001. Migodi hiyo ina idara za utumishi, wanasheria na majalada ya kila mfanyakazi. Lakini katika miji yetu ajira nyingi hazipo huko. Zipo kwenye maduka, mashine za kukoboa mpunga, mabasi, nyumba za wageni, makarasha ya kusagia mawe na maduara ya wachimbaji wadogo. Huko mwajiri ni Alhaji fulani, Mama fulani au kaka aliyebahatika, na waajiriwa wake ni watano, kumi au ishirini. Ukimwuliza kuhusu mikataba yao atakujibu kwa tabasamu: “Hawa ni vijana wangu, sisi ni ndugu, karatasi za nini?”

Jibu hilo lina sura ya wema, na wengi wanaolitoa ni watu wema kweli. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba, mbele ya Sharia na mbele ya sheria za nchi, undugu hauchukui nafasi ya mkataba. Ndugu aliye ndugu kweli ndiye wa kwanza kuandika.

Swali la mjane

Mwezi Agosti 2025 ardhi ilititia katika machimbo ya Nyandolwa, wilaya ya Shinyanga, ikiwa na watu 25 chini yake. Miaka kumi kabla ya hapo, Oktoba 2015, wachimbaji walifukiwa katika machimbo ya Nyangarata huko Kahama, na watano kati yao wakatolewa wakiwa hai baada ya siku 41. Sisi waumini tunaikubali qadari ya Mwenyezi Mungu. Lakini katika kila msiba wa kazini, matanga yakishaondolewa, mjane hubaki na maswali ambayo ni wajibu wa binadamu kuyajibu. Marehemu alikuwa ameajiriwa na nani? Kwa ujira gani? Jina lake limeandikwa wapi?

Nchi yetu imeweka njia ya kuyajibu maswali hayo. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) ulianza kazi Julai 2015 chini ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008. Mfuko huu hugharamia matibabu ya aliyeumia kazini, humlipa aliyepata ulemavu, husaidia gharama za mazishi na huwapa pensheni wategemezi wa aliyefariki. Mchango wake hutolewa na mwajiri peke yake, na ni haramu kisheria kuukata katika mshahara wa mfanyakazi. Kiwango kwa mwajiri binafsi kilikuwa asilimia 1, kikashushwa hadi asilimia 0.6 mwaka 2021, kisha asilimia 0.5 mwaka 2022. Kwa mfanyakazi anayelipwa shilingi 400,000, nusu asilimia ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Ndugu yangu mwenye mashine, hivi shilingi 2,000 ndizo zitakazokufanya ushindwe kumjibu mjane?

Kibarua ni nani?

Wapo wanaodhani kwamba akiitwa kibarua basi sheria haimhusu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inawahusu waajiriwa wote wa Tanzania Bara, isipokuwa walio katika vyombo kama jeshi, polisi, magereza na jeshi la kujenga taifa. Haiulizi kama una mgodi au una kibanda. Na mwenzake, Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka huohuo, imefunga mlango wa majina. Mtu huhesabiwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitike vinginevyo, ikiwa lipo lolote kati ya haya: anafanya kazi chini ya maelekezo yako, saa zake unazipanga wewe, vifaa anavyotumia ni vyako, riziki yake inakutegemea wewe, au amekufanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Hivyo, kijana anayelala kwenye karasha lako na kuliendesha kila siku ni mwajiriwa wako, hata ukimwita mgeni.

Kwenye maduara jambo hili lina ugumu wake, na ni haki tulitazame kwa insafu. Mchimbaji wengi wamezoea kumlipa kwa mifuko ya mawe au kwa fungu la dhahabu itakayopatikana. Mwenye duara husema: dhahabu ni bahati, nitaahidije mshahara wa kitu ambacho sijakiona? Wanazuoni wetu wa fiqhi wamelijadili suala la ujira ulio sehemu ya kile kinachozalishwa. Wapo waliolikataa kwa sababu ya kutojulikana kwa ujira, na wapo waliolikubali kwa kulikisia na kilimo cha kugawana mavuno. Anayefuata rai ya pili aelewe masharti yake. Ukiutaka ushirika, basi kuwa mshirika: fungu la kila mmoja lijulikane kabla ya jembe la kwanza kupigwa, hesabu iwe wazi kwa wote, na mwenzako awe na sauti katika kazi. Ukiitaka ajira, basi lipa ujira unaojulikana, duara litoe au lisitoe. Kinachofanyika mara nyingi ni kuchukua kinachopendeza katika kila upande. Mwenye duara anataka utii wa mwajiriwa na uvumilivu wa mshirika katika hasara. Kijana hupangiwa saa, huamrishwa kushuka na kupanda, kisha mawe yakikosa dhahabu anaambiwa kwamba sote tumekosa. Hiyo ni dhulma, hata kama wote wameizoea.

Mafunzo tuliyonayo

Katika Suratul Qasas tunasimuliwa namna Nabii Musa (A.S.) alivyoajiriwa na mzee wa Madyan. Binti wa mzee alishauri kwamba mtu bora wa kuajiriwa ni mwenye nguvu na mwaminifu. Angalia alichofanya mzee baada ya hapo. Aliitaja muda wa kazi, miaka minane. Akaeleza kwamba kuifikisha kumi itakuwa hiari ya Musa. Akatoa ahadi kwamba hatamtaabisha. Hawa walikuwa watu wanaokwenda kuwa jamaa wa ndoa, na bado masharti yalitajwa moja moja. Undugu ule haukuwazuia kuwekeana mkataba.

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni. Inatuasa tusichoke kuliandika, liwe dogo au kubwa, na inamkumbuka hata asiyeweza kujisemea, kwamba walii wake amsemee kwa uadilifu. Ujira wa mwezi usiolipwa bado ni deni. Sheria yetu ya mwaka 2004 imekwenda njia hiyohiyo. Mwajiri anatakiwa kumpa mfanyakazi maelezo ya maandishi: kazi yake, tarehe ya kuanza, mahali pa kazi, saa, ujira na namna unavyokokotolewa. Asiyeyaelewa maandishi aelezwe kwa namna atakayoielewa. Maandishi hayo yahifadhiwe miaka mitano baada ya ajira kwisha. Na mgogoro ukifika mbele ya sheria bila karatasi, mwajiri ndiye hubeba mzigo wa kuthibitisha masharti ya ajira. Wazee walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Tunayo pia hadithi mashuhuri, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ya watu watatu waliofungiwa na jiwe pangoni. Mmoja wao aliomba kwa amali aliyomfanyia kibarua wake. Kibarua yule aliondoka akaacha ujira wake, kipimo cha mchele, na katika riwaya nyingine mtama. Mwajiri aliupanda, akauzalisha mwaka hadi mwaka, hadi ukawa kundi la mifugo na mchungaji wake. Kibarua aliporudi kudai kipimo chake akaambiwa alichukue kundi zima, naye akadhani anafanyiwa mzaha. Kwetu sisi, watu wa mpunga wa Kahama na ng'ombe wa Usukuma, hadithi hii haihitaji kufasiriwa.

Sasa lilinganishe pango lile na baadhi ya ofisi zetu. Sheria inataka mchango wa asilimia 20 ya mshahara upelekwe katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF), na sehemu ya mfanyakazi isizidi asilimia 10. Kwa mshahara wa shilingi 400,000 mchango ni shilingi 80,000, na kinachokatwa kwa mfanyakazi hakizidi 40,000. Yupo mwajiri anayezikata shilingi 40,000 hizo kila mwezi, kisha asizipeleke. Anazitia kwenye mafuta ya jenereta au mzigo mpya wa duka. Mtu wa pangoni aliukuza ujira wa kibarua kwa ajili ya kibarua. Huyu anaugeuza ujira wa kibarua kuwa mtaji wake mwenyewe. Mtume (S.A.W.) ametufikishia kwamba mmoja kati ya watatu ambao Mwenyezi Mungu atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama ni yule aliyemwajiri mtu, akapata kazi kamili, asimpe ujira wake. Nani kati yetu atakayeweza kesi hiyo?

Yaliyo wajibu

Ndugu msomaji mwenye kuajiri, yaliyo lazima hayazidi kurasa chache za daftari.

Kwanza, saa. Kazi ya kawaida haizidi saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na saa za ziada hulipwa mara moja na nusu. Mfanyakazi ana haki ya mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki. Tunapodai nafasi ya swala ya Ijumaa, tumpe na Mkristo anayetufanyia kazi nafasi ya Jumapili yake. Sheria imekataza ubaguzi wa dini na wa kabila katika ajira, na uadilifu wetu ni da'awa kabla ya maneno yetu.

Pili, likizo. Ya mwaka ni siku 28 zenye malipo. Ya uzazi ni siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba ana siku 3 za uzazi.

Tatu, ujira usishuke chini ya kima cha chini. Amri ya kima cha chini hubadilika na hutofautiana kwa sekta. Moja ilianza kutumika Januari 2023, nyingine ikatangazwa mwaka 2025 ili ianze Januari 2026. Ofisi ya kazi ya mkoa itakueleza kiwango cha sekta yako.

Nne, kuachana. Huwezi kumfukuza mtu kwa hasira ya asubuhi. Sheria inataka sababu ya haki na utaratibu wa haki. Anayelipwa kwa mwezi hupewa notisi ya siku 28. Aliyetimiza mwaka au zaidi, akaachishwa pasipo kosa lake, hulipwa kiinua mgongo cha ujira wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, hadi miaka 10. Mlinzi aliyekulindia mali miaka sita anakudai siku 42. Aliyeachishwa isivyo haki anayo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), ila awahi ndani ya siku 30.

Tano, watoto. Aliye chini ya miaka 14 haajiriwi, na aliye chini ya miaka 18 haajiriwi mgodini. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watoto katika machimbo madogo ya dhahabu, ikiwemo Geita na Kahama: wanachimba, wanaponda mawe, wanashika zebaki kwa mikono. Mzazi anayempeleka mwanawe huko na mwenye karasha anayempokea, wote wataulizwa.

Tuanze nyumbani kwetu

Haifai kumaliza bila kujitazama sisi wenyewe. Mwalimu wa madrasa anayesomesha watoto sabini kwa posho isiyojulikana siku wala kiasi, mlinzi wa msikiti anayelipwa sadaka ikipatikana, binti wa kazi za ndani anayeamka kabla ya adhana ya alfajiri na kulala wa mwisho: hawa wote wana haki. Kamati za misikiti na madrasa, anzeni ninyi. Aliyejitolea kwa ajili ya Mwenyezi Mungu aandikwe kuwa amejitolea. Aliyeajiriwa aandikiwe ujira wake na alipwe. “Jazakallahu khayran” ni dua njema, lakini haipokelewi dukani.

Na ninyi vijana mnaoajiriwa, amana ina pande mbili. Anayeficha jiwe lenye dhahabu mfukoni au kusinzia lindoni amevunja mkataba uleule anaotaka uheshimiwe.

Atakayesema gharama ni kubwa, ahesabu kwanza gharama ya kutofanya: kesi, faini, na laana ya aliyedhulumiwa, ambaye dua yake haina pazia. Jumatatu, kabla ya kufungua duka au kuwasha karasha, chukua daftari, andika majina ya unaowaajiri, tarehe walizoanza na ujira wao, wasomee, watie saini na wewe utie. Kisha nenda WCF na NSSF ukawaandikishe. Atakapokuja kuuliza mjane, Mwenyezi Mungu atuepushe, jina la mumewe litakuwepo.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azibariki riziki zetu, azisafishe na haki za watu, na awarehemu wote waliopoteza maisha wakitafuta riziki ya halali ardhini. Wabillahi tawfiq.