Ukipita Songea, simama

Wasafiri wengi wanaopita Songea kuelekea Mbinga na Ziwa Nyasa hawasimami kwenye Makumbusho ya Vita vya Majimaji, nao wanakosa mengi. Pale pana kaburi la pamoja la mashujaa wa Kingoni, zaidi ya 60, walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906. Nduna Songea Mbano, mmoja wa viongozi wao, ambaye mji umebeba jina lake, ana kaburi lake peke yake. Shuleni tulikariri habari za maji yaliyoaminika kuzuia risasi katika vita hivyo. Pale unasoma majina ya watu. Tuwapeleke watoto wetu. Na tukifika tushushe sauti, maana pale ni makaburini, wamelala wazee wetu.